Siku Niliyoitoa Mamba

Juzi nilimkuta mjukuu wangu Neema na wenzake, wapenzi wa vitabu vya mazimwi, wakitegana vitendawili vya vina. Nikacheka. Shule mimi iliniishia darasa la pili, lakini vitendawili, ee, hivyo navijua.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, tulikuwa na mama tunaosha tangawizi, mikono inawasha, binamu yangu Elia wa Kwakoa akatega: "Nazikwa bila msiba, nafukuliwa bila toba."

Nikashindwa, na harufu ya jibu lenyewe imenijaa puani!

"Basi nipe mji."

Mimi mji niliujua mmoja tu, kwetu. "Chukua Mamba."

"Nimeichukua! Nyumba yenu, mbuzi wenu, hata jogoo."

Mwenzenu niliamini. Nikawaza baba akitoka shambani atalala wapi, nikaangua kilio.

Mama akaacha beseni. "We mtoto, huo mchezo tu! Juzi mimi nilimpa Same yote na soko lake. Jana si nimenunua chumvi huko huko?"

Nikashusha pumzi. Elia akataja jibu, tangawizi, wala sikujali. Baba alikuwa anapandisha mlima, jembe begani, anarudi kwake.