Siku Tisa za Uturuki, Madale

Nilitaka kwenda Uturuki kwa sababu ya chai. Kwa miaka mingi nimetazama tamthilia zao zilizotiwa Kiswahili, na kila ugomvi wa mirathi wanautuliza kwa vile viglasi vyenye kiuno. Nikaapa kwamba nami nitakishika kimoja kando ya maji ya Istanbul kabla sijastaafu ukarani.

Kosa nililifanya hapa hapa Buguruni: nilitangaza safari kabla ya viza. Bi Zena, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaitisha dua. Ubani ukafukizwa, pilau ikaliwa, na yeye akaniombea huku analia. Zawadi aliyotaka ni kiglasi tu. Siku mbili baadaye viza ikakataliwa, maana nilisahau kuambatanisha barua ya mwajiri. Niliona haya kupita kiasi. Mtu aliyekulilia kwenye dua utamwambiaje kwamba huendi popote?

Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikusudia kuondoka kimya kimya nikajifiche Madale, pembezoni mwa jiji hili hili, kumbe majirani wamekodi gari la Noah wanisindikize. Kwetu msafiri haachwi mlangoni. Uwanja wa ndege niliburuta begi, nikawapungia mkono, kisha nikajibanza nyuma ya nguzo nikisoma ratiba ya ndege ya Mwanza. Walipotokomea nikachukua bajaji ya Madale. Dereva akaniuliza kama ndiyo natua, nikasema ndiyo. Akanipa pole ya safari, nikaipokea.

Saa saba mchana, Madale. Bajaji iligoma mlimani, nikalikokota begi kwenye ule udongo mwekundu unaojulikana jiji zima, mpaka kwa mdogo wangu Hawa. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kwa siku tisa sikuvuka geti lake. Nilikaa na simu na daftari nikiipanga Uturuki upya, safari hii kwa makini: mtaa wa kulala, kivuko cha kupanda, duka la chai, na barua ya mwajiri juu kabisa ya ukurasa. Kila jioni Bi Zena alituma ujumbe kuuliza kama baridi inaniumiza. Nilimjibu inaniumiza, jasho likinitiririka. Uongo ule ulinichoma, maana yule mama alikuwa na wasiwasi wa kweli.

Siku ya kumi, Buguruni. Nilipitia Kariakoo kwanza, nikanunua kiglasi chenye kiuno. Sijavua hata viatu, Bi Zena akaingia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakipokea kiglasi kwa mikono miwili. Nikaanza kusimulia kivuko, paka wa mitaani, muuza chai aliyenipunguzia bei. Nilinoga, jamani. Aliyekwenda kweli asingeniweza.

Bi Zena akachukua kitambaa, akainama, akafuta magurudumu ya begi langu. Kitambaa kikatoka chekundu.

"Uturuki nako kuna udongo wa Madale?" aliuliza taratibu.

Nikamwambia yote, na ile nguzo nikamtajia. Nilingoja anilaani, au atoke bila kuaga.

"Mie Dubai niliendaga Kibaha," akasema. "Wiki mbili, kwa shangazi yangu. Ila mie viatu nilioshaga kwanza."

Nikakumbuka zile kanga za Dubai alizotugawia majirani wote mwaka ule aliposema amerudi. Moja nilikuwa nimejifunga wakati huo huo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, halafu akatia chai kwenye kiglasi tukanywa kwa zamu.

Nilichojifunza ni kwamba safari husimuliwa ukisharudi. Daftari langu sasa lina majina mawili, langu na la Bi Zena, na kila Jumapili tunakagua karatasi za viza moja moja. Mtu mwingine hajui. Siku tutakayoondoka kweli, tutawaaga majirani kwamba tunakwenda Madale.