Mwalimu Githinji na Laptop ya Lugha Moja

Kiharusi kilipompata Mwalimu Githinji, mkono wa kulia ulilegea kidogo na mguu ukawa mzito, lakini kilichowashangaza watu wa mtaa wa Kimbo, hapo Ruiru, ni kwamba kiliondoka na Kiingereza chake. Kikuyu kilirudi kwanza, akiwa bado wodini Thika, akamwomba mkewe Waruguru maji. Kiswahili kikafuata polepole. Kiingereza, alichokifundisha sekondari maisha yake yote ya kazi, hakikurudi. Ukimsalimia kwa Kiingereza alikutazama kama mtu aliyesikia jina analolijua lakini hakumbuki sura ya mwenyewe.

"Si heri ni Kiingereza tu?" majirani walimwambia Waruguru kwenye duka lake la nafaka. "Tuko wengi hatukijui na tunakula."

Waruguru alicheka nao. Akirudi ndani, alimkuta mumewe amekaa na gazeti la Kiingereza, limefunguliwa ukurasa uleule wa tangu asubuhi.

Binti yao wa pekee, Ciku, alikuwa akifanya kazi Thika kwenye kampuni ya maua. Tangu utotoni, yeye na baba yake walizungumza Kiingereza. Ndivyo Githinji alivyotaka. Kwa mama Kikuyu, kwa baba Kiingereza, na Kiswahili kikabaki cha stendi na marafiki, tena nusu yake Sheng. Sasa akija Jumamosi alikaa karibu na baba yake akakosa pa kuanzia. Kikuyu chake kilikuwa kile cha mtoto anayeomba chai.

Nelima, mtaalamu aliyemfundisha Githinji kuongea upya, aliwashauri asome na kuandika kila siku kwa lugha iliyopo. "Iliyopo ikipata nguvu, huenda ikaivuta nyingine," alisema. "Lakini siwaahidi."

Ciku akanunua laptop mpya yenye kioo kipana, akazikuza herufi, akamwekea baba yake mezani. Githinji akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Akaandika jina lake. Kisha akabonyeza pembeni, kisanduku kikachomoza katikati ya kioo, kimejaa Kiingereza. Akaurudisha mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama unataka kusevu, Dadi."

"Basi si iseme hivyo?"

Ciku aliingia kwenye mipangilio ya mashine kuongeza Kiswahili. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, akasoma maelezo, akagundua kwamba Windows iliyokuja na laptop ile ilikuwa toleo la Home, lile la lugha moja peke yake.

"Si umesema ni mpya?" Waruguru akauliza.

"Ni mpya, Mami. Ni vile tu imefungiwa Kiingereza. Tukitaka lugha ya pili lazima tubadilishe toleo, tupande hadi lile linaloitwa Pro. Sio ngumu, naweza kufanya saa hii."

"Wacha," Githinji akasema.

"Kwa nini?"

Alitafuta maneno kwa muda mrefu, midomo ikijaribu na kuacha. "Ukibadilisha, ni kama umesema hakitarudi."

Ciku alifunga laptop, wakanywa chai, akaenda zake.

Wiki ile mashine ilikaa imefungwa. Waruguru alipita kando yake akipeleka magunia dukani, akapita tena akirudi, mpaka siku moja akaketi mbele ya mumewe, nguo imejaa vumbi la maharagwe, akamwambia kwa Kikuyu, bila hasira:

"Baba Ciku, mimi nimeishi na wewe miaka hii yote bila Kiingereza. Ulikuwa hunioni?"

"Nilikuwa nakuona."

"Basi."

Aliinuka akaenda kuhudumia mteja. Githinji alibaki pale akiyageuza maneno yale. Jumamosi Ciku alipofika, kabla hajatua mkoba, baba yake alimsukumia laptop.

"Weka hiyo Pro."

Ciku aliunganisha intaneti ya simu yake, akalinunua toleo jipya, akabonyeza kukubali. Mashine ikazimika, ikawaka, ikawaomba wasiizime, asilimia zikapanda taratibu. Waruguru alikuja akasimama nyuma yao na ungo mkononi.

"Na jina lake alilokuwa ameandika, halitapotea?"

"Halipotei, Mami."

Halikupotea. Mashine ilipoamka, Ciku aliongeza Kiswahili, akatoka kwenye akaunti, akaingia tena, na safari hii haikukataa. Sehemu nyingine zilibaki za Kiingereza, lakini Githinji alisogea karibu na kioo akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata.

"Tafuta. Hifadhi. Ghairi."

"Ghairi ni nini?" Ciku akauliza.

Githinji akamgeukia. "Hujui kughairi?"

"Sijawahi kusikia, Dadi. Nakuapia."

"Umetoka hapa unaenda Juja. Umefika stendi, ukaona hapana, wacha nirudi nyumbani." Alivuta pumzi. "Umeghairi."

"Kumbe! Ni kansel."

"Kan..." Githinji akasema, akakwama. Ciku alitaka kummalizia, akajizuia. Neno halikuja, wakaliacha hapo, wakasoma mengine.

Kuanzia hapo Githinji aliandika kila asubuhi. Aliandika kuhusu shamba la babake kule Theta kabla halijakatwa ploti za kuuzwa, kuhusu wanafunzi wake, kuhusu mbwa aliyekuwa akimfuata hadi darasani. Jumamosi alimsomea Ciku, na Ciku akaanza kumwandikia majibu, naye akayasahihisha.

"Si 'venye'. Ni 'jinsi'."

"Dadi, Ruiru yote tunasema venye."

"Sema. Lakini usiandike."

Siku moja Ciku aliwasili alasiri akakuta kioo kimerudi Kiingereza chote. Alishtuka, akadhani mashine imeharibika.

"Nani amebadilisha?"

"Mimi," Githinji akasema. "Si sasa inakubali zote mbili? Asubuhi nafanya kazi na Kiswahili. Alasiri napitia kwa huyu mwingine, nione anaendeleaje."

"Na anaendeleaje?"

Githinji aliinamia kioo. Akaweka kidole juu ya neno moja fupi pembeni, akalitamka, na lilikuwa sahihi. Akahamia la pili. Akalitazama sana.

"Leo hataki maneno mengi," alisema.

Ciku akavuta kiti, akakaa kando yake, nao wakaendelea kulitazama lile neno la pili pamoja, bila haraka.