Msaragambo wa Bibi

Treni ya kutoka Tanga ilinishusha Same alfajiri. Kutoka hapo nilipanda kwa miguu siku mbili, joto la tambarare likibaki chini yangu, mpaka ukungu wa kijiji cha Chome ukanimeza. Nilikuwa nimemaliza sekondari, Waingereza bado wanatawala, nami nimepewa kazi ya ualimu. Tangu hapo nimelala katika miji mingi. Bado nikifumba macho nausikia ukungu ule ukidondoka kwenye migomba.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja kijana. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Yule mama aliishi na mama mkwe wake, bibi aliyepooza miguu. Alimwosha, alimgeuza, alimnywesha uji, alimsimulia nani kaoa na nani kagombana. Hakuna aliyeiita hiyo kazi. Hata mimi niliyekula chakula chake.

Kazi ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Baragumu likilia, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Asiyekwenda alinyimwa zamu ya maji. Kiangazi kile yule mama alikuwa amekosa mara tatu, na maharage yake yalikuwa yameanza kujikunja majani.

Lilipolia mara ya nne, alimfunga bibi mgongoni kwa shuka, akachukua jembe. Nilimfuata. Mbele yangu kwenye ukungu walionekana kama mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

"Nishushe taratibu," bibi alifoka tulipofika kwenye ndiva. "Mimi si gunia la maharage!"

Wanawake wakacheka. Msimamizi wa maji, mzee mwenye mvi, hakucheka.

"Mgonjwa haletwi kwenye tope, mwanangu."

"Shikamoo, baba. Nimwache na nani?"

"Marahaba. Kila nyumba ina mzee wake."

"Wewe!" bibi akamwita kutoka kwenye nyasi. "Siku uliyozaliwa nilikuosha mimi. Leo unamnyima maji anayeniosha?"

Mama mmoja kati ya wale wanawake akatupa jembe chini.

"Basi na kumtunza bibi ni msaragambo. Kesho nakwenda kwake mimi."

Msimamizi alikubali. Maharage yakapata maji jioni ileile, na kila nyumba ikapewa siku yake ya kukaa na bibi. Nami, mpangaji, nikapewa Alhamisi baada ya masomo: kukoka moto, kumnywesha uji, kusikiliza.

"Mwalimu, unalisha kama mtu anayemwagilia kitalu," alinitania.

Nilizipenda Alhamisi zile. Lakini miguu yangu haijawahi kutulia mahali, na barua ya kazi nyingine ilipokuja sikungoja mtu wa kunipokea zamu. Niliondoka Jumatano, mapema. Yule mama alinisindikiza mpaka kwenye mfereji, akanitakia safari njema, akageuka haraka. Alhamisi ilikuwa imerudi kwake.