Laini Niliyoitupa Shimoni

Kuna asubuhi naamka nikiwa bado bandari kavu ya Isaka, kwenye ile ofisi yetu ya bati, vumbi la malori likielea dirishani taratibu kama unga unaochekechwa. Honi ya treni inalia mbali, usingizi haujanitoka, nadhani nimechelewa kazini. Nilikuwa karani wa hati za mizigo. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha habari za wingu, na kwa kiherehere changu nikawa nalihubiri kwa kila mtu.

Wingu lenyewe si uchawi. Faili lako halikai kwenye kompyuta iliyo mezani; linakaa kwenye makompyuta makubwa ya watu wengine, mbali huko usikokujua, nawe unalifikia kwa intaneti. Basi. Siku moja mvua ilinyesha usiku kucha, bati likavuja, kompyuta yetu ikaloa, ikafa kabisa. Bosi akashika kichwa. Mimi nikaazima nyingine duka la jirani, nikaingiza neno la siri, na kabla ya saa sita mchana hati zote za malori ya Kongo na Rwanda zilikuwa mbele yetu. Siku hiyo nilipita mitaani kifua mbele, utadhani wingu nimelitengeneza mimi.

Sikatai, lilikuwa na kero zake. Mtandao ukikata, umekwisha. Madereva walishinda chini ya matrela wakisonga ugali na kunipigia kelele, "Karani, hati zetu ziko wapi?" Utamwambia nini mtu? Ziko salama, ila hatuwezi kuzigusa. Nilikuwa nawajibu kwa ukali.

Mama yangu alikuwa kijijini, hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti. Alijifunza kubonyeza kile kitufe cha kurekodi kwenye simu yake, akawa ananirekodia karibu kila siku. Simu yangu ilikuwa inanakili kila kitu kwenye wingu, nami nikaendelea na shughuli zangu. Mama alipofariki, zile sauti ndizo pekee nilizobaki nazo.

Wiki chache baada ya kumzika, simu ikanichomoka mkononi, ikatumbukia kwenye pipa la maji. Sikushtuka hata kidogo. Nikanunua nyingine, nikaketi kwa raha zangu, nikaingiza neno la siri. Akaunti ikaandika kwamba haiitambui simu hii, na ili kuhakikisha ni mimi, imetuma tarakimu sita kwenye namba yangu. Nikaitazama ile namba. Jamani! Ilikuwa ile ya Mwakitolyo.

Kabla ya Isaka nilikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Kule machimboni, shimo likitoa mawe matupu mwezi baada ya mwezi, mtu anaanza kutafuta nuksi imekaa wapi. Mwingine anachoma shati lake la kazi, mwingine anahama chumba. Mimi niliilaumu laini ya simu, maana kila habari mbaya ilinifikia kwa namba ile. Nikaing'ata kwa meno mpaka ikavunjika, nikaitupa shimoni, nikasajili nyingine, nikajisikia mwepesi. Akaunti yangu ya simu nilikuwa nimeifungua kwa namba hiyo hiyo, kule kule machimboni, kabla hata sijajua wingu ni nini, na mimi, mhubiri mkubwa, sikuwahi kukumbuka kuibadilisha.

Nikaipiga. Ikaita! Akapokea mama mmoja mtu mzima. Kumbe namba ilishauzwa upya, iko Ushetu kwa mkulima wa tumbaku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako. Naomba unisomee."

Akacheka. "Matapeli mna kazi! Tafuta mjinga mwingine."

Nikapandwa na hasira. Nikamfokea, nikamwita mwenye roho mbaya. Akakata, na kila nilipopiga tena hakupokea. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni nikalia, kilio ambacho hata makaburini sikulia.

Kesho yake nikampigia kwa simu ya bosi. "Mama, nisamehe," nikasema. "Mama yangu amefariki. Sauti zake ziko kwenye akaunti yangu, na ufunguo ni zile tarakimu; sina pengine pa kumsikia."

Safari hii hakukata. "Kama ni kweli, njoo. Nataka nikuone kwa macho."

Nikaenda. Ushetu ilikuwa imefunikwa na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, harufu nzito, tamu, inayolegeza viungo, na nilitembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Akanipa kigoda, akanitazama usoni mpaka akaridhika. Nikaomba tarakimu upya. Simu yake ikalia, akazisoma moja moja, kidole juu ya kioo.

Mtandao wa kule ni wa kusuasua, sauti zikawa zinashuka moja moja. Pembeni ya zile ambazo hazijawahi kufunguliwa kulikuwa na alama ya kijani. Nikadhani simu ina hitilafu. Zaidi ya nusu zilikuwa za kijani. Ndiyo, nakumbuka, zilikuwa zinaingia nami nasema nitasikiliza baadaye, si ziko salama? Niliona aibu hata ya kumtazama mwenyeji wangu.

Nikafungua moja.

"Mwangaluka, mwanangu," mama akanisalimia kwa Kisukuma, kwa sauti yake ya polepole, kisha akanyamaza. Hakuwahi kuelewa kwamba anaporekodi, upande wa pili hakuna mtu. Alisalimia, akasubiri aitikiwe. Nilisikia kuku wake uani, nikasikia anavyopumua. Nikaongeza sauti ya simu.

Yule mama wa Ushetu akaona salamu ya mtu mzima haipokelewi. Akainamia simu, akaitikia kwa heshima anayopewa mama, "Mwangaluka, mayu."

Mama akasubiri kidogo tena.

"Haya," akasema, "najua una kazi nyingi." Na sauti ikaishia hapo.