Kumfuata Mama Eliya Hadi Kibondo

Ningependa kuandika kwamba niliondoka kijijini kwetu Akheri kwa kuwahurumia watu waliokimbia vita vya Kongo. Huruma nilikuwa nayo. Lakini kilichonipandisha kwenye lori ni Anaeli, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya yetu, mgane, mwenye meno yote.

Kikundi chetu hakina ofisi. Kina mwenyekiti, ambaye ni Mama Eliya, mke wangu, na kina majirani waliochanga mablanketi, sabuni na nguo za watoto. Anaeli ni katibu. Kwa majuma kadhaa hao wawili walikaa sebuleni kwangu wakipanga safari ya kuvipeleka kambi ya wakimbizi, huko Kibondo, na kucheka. Mimi nilikuwa sijamchekesha mke wangu tangu masika. Nilitaka kujua kama bado ananihitaji, au nimekuwa kama kabati: lipo, na hakuna anayeligusa.

Alfajiri, Akheri. Mbele kwa dereva palikuwa na nafasi ya watu wawili. Mwenyekiti ni mwenyekiti, na kibali cha kuingia kambini kilikuwa kwa katibu. Mimi nikapewa mzigo, huko nyuma, chini ya turubai.

"Msomi, hewa yote ya huko ni yako," Anaeli alisema.

"Si ulisema unakuja kusaidia, Baba Eliya?" mke wangu akaongeza. "Shikilia maboksi ya sabuni."

Tulipopita Kisongo nilikuwa nimetega sikio. Injini ilimeza maneno yote ikaniachia vicheko tu. Mtu mwenye shahada mbili anaweza kutunga mazungumzo mazima kutokana na kicheko kimoja. Nilifika Babati nimeshawaozesha. Kufika Singida, walikuwa tayari na shamba la kahawa.

Kahama tulilala nyumba ya wageni.

"Mbona kimya?" mke wangu aliuliza.

"Nimechoka."

"Basi lala." Akageukia ukutani.

Kesho yake tulifika kambini, nje ya Kibondo. Tulipokewa na Mama Furaha, mwanamke wa Kivu anayewasimamia wanawake wenzake pale. Aliwaona mke wangu na Anaeli wakishusha furushi moja kwa pamoja.

"Mulisafiri muzuri?" akamwuliza Anaeli. "Huyu ni bibi yako?"

Kwetu bibi ni mama wa mzazi wako. Kwa Mama Furaha, bibi ni mke. Anaeli akadhani ni utani.

"Ndiyo, huyu ndiye bibi yetu. Anatuchapa sana."

Mke wangu akacheka. Mimi nilielewa, nikanyamaza.

Mablanketi yalipokwisha kugawiwa, ukaletwa ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Mke wangu na Anaeli waliwekewa sahani moja, kama mume na mke. Mimi nilikula na dereva. Baadaye Mama Furaha akaja kuketi karibu nami.

"Na wewe baba, bibi yako ulimuacha wapi?"

"Ni yule pale. Anakula na katibu."

Hakucheka. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa naangalia."

"Bwana yangu naye alikuwaka hivyo. Ananifuata mpaka soko, anajificha nyuma ya magunia. Nilimuchukia. Siku ya kukimbia tukapotezana njiani. Sasa nikienda kuchota maji, naangalia nyuma. Hakuna mutu." Akaninyanyua kwa mkono. "Enda ukae na bibi yako."

Akaenda nami, akawaeleza. Anaeli aliinuka haraka hadi akamwaga maji.

"Ulijua anamaanisha mke?" Mama Eliya aliniuliza.

"Nilijua."

"Na ukakaa kule?"

"Nilitaka kuona."

"Umeona nini?"

"Kwamba una njaa."

Akasogeza sahani katikati yetu.

Njiani kurudi, tukinywa chai Singida, aliniuliza kama nilikuja kwa ajili ya wakimbizi au kwa ajili ya Anaeli.

"Anaeli."

"Afadhali umesema. Mama Furaha ameomba sufuria. Tutarudi kabla ya mvua."

"Anaeli atakuwepo?"

"Ndiye katibu."

"Basi na mimi nitakuja."

Alicheka, na safari hii nilikuwa karibu vya kutosha kujua anachocheka.

Mtauliza nilijifunza nini. Sikupona wivu, nilirudi nao Akheri ukiwa mzima. Ila najua sasa kwamba kule Kibondo yuko mwanamke ambaye angeshukuru kumwona mtu kama mimi, pamoja na tabia zake zote mbaya, akitokeza nyuma yake kwenye njia ya maji.