Nilipobadilisha Kompyuta, Wafalme wa Mama Mkwe Wakapotea

Kompyuta yetu ya nyumbani ilikuwa ya mezani, nzito kama debe la maji, ya mtumba kutoka ofisi fulani ya Nairobi. Ilikaa kwenye kona ya sebule yetu hapa mjini Kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mke wangu kwa mkono. Ukiiwasha asubuhi ulikuwa na nafasi ya kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe kabla haijakubali kuamka. Tulikuwa tumeizoea hivyo. Mimi ni mwalimu wa sekondari na niliitumia kuchapa mitihani. Mke wangu aliitumia kutengeneza programu za harusi na za mazishi, zile karatasi za ratiba zenye picha, kazi isiyoisha, maana watu wa huku hawaachi kuoana wala kufa.

Siku moja ikatuletea tangazo katikati ya kioo. Ilisema haitapata tena marekebisho ya usalama, na kwamba ingekuwa vyema tutafute kompyuta mpya. Mke wangu alilisoma akiwa amesimama, mikono imejaa unga wa chapati.

"Inatufukuza nyumbani kwetu," alisema. "Lakini kwa adabu."

Shuleni nilikuwa nimewasikia walimu wenzangu wakizungumza juu ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia na kutolewa bure. Ukitaka unaunakili, unampa jirani, unaufungua uone ulivyotengenezwa, na hakuna wa kukuuliza. Walisema unaipa mashine nzee nguvu mpya. Nilipomweleza mke wangu, alinikazia macho.

"Bure? Huyo anayetoa bure anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Wakati huo tulikuwa na mgeni. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Mbooni kufanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari alitaka awe karibu ili amtazame mara kwa mara. Mke wangu anamwita mwaitu, kama Wakamba wengi tunavyomwita mama. Ni mwanamke mrefu, mkulima wa machungwa na parachichi, mzee wa kanisa, tena wa aina ile ambayo mchungaji akikosea mstari wa Biblia humtazama yeye kwanza.

Mimi naye hatukuwa tukizungumza. Msinielewe vibaya, hatukuwa tumekosana. Kwa watu wa rika lake, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali, na yeye aliifuata desturi hiyo kwa ukamilifu. Tukiwa meza moja, sahani yangu imegusana na yake, alimgeukia binti yake na kusema, "Mwambie mwalimu mboga inapoa." Mke wangu alinigeukia: "Mboga inapoa." Nami nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama asante." Watoto wetu walikuwa shule za bweni, kwa hiyo kazi yote ya kupeleka na kurudisha maneno ilimwangukia mke wangu, naye hakuifurahia hata kidogo.

Sasa, mama alikuwa amegundua kitu katika kompyuta. Ulikuwa mchezo ule wa karata ambao mtu hucheza peke yake, akizipanga nyekundu juu ya nyeusi. Kanisani kwake karata ni dhambi, tena si dhambi ndogo. Lakini yeye hakuziita karata. Aliziita wafalme. Kila siku baada ya chakula cha mchana alivaa miwani, akavuta kiti, akamwambia binti yake, "Wacha nipime jicho." Jicho lilipimwa hadi saa kumi. Sisi tuliheshimu matibabu hayo, tukatembea polepole.

Jumamosi moja nikaamua. Nilikuwa nimeupakua mfumo mpya kwenye flashi, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi hiyo kabla hujagusa chochote ndani ya mashine. Niliujaribu. Sauti ilitoka. Printa, iliyokuwa ikinisumbua miaka yote, ilikubali bila kuombwa. Nilinakili mitihani yangu yote kando, pamoja na programu zote za mke wangu, maharusi na marehemu. Kisha kompyuta ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, pumzi yake naisikia shingoni.

"Una hakika?" akauliza naye.

"Ndiyo," nikawajibu wote wawili, nikabonyeza.

Chai haikuwa hata imechemka mashine ilipomaliza na kujiwasha upya. Iliwaka haraka kiasi kwamba nilidhani imeharibika. Mke wangu alifungua kazi yake ya harusi ya wiki iliyofuata ili aone kama ipo. Ilikuwepo, ila herufi zilikuwa zimebadilika umbo na kunenepa kidogo, na kwa kunenepa huko zilikuwa zimesukumana. Picha ya bwana harusi ilikuwa imerukia ukurasa wa pili. Jina la bibi harusi lilikuwa limeteremka hadi kwenye orodha ya chakula, likasimama kati ya pilau na mbuzi choma.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo huniogopesha kuliko kelele, "huyu msichana ataliwa Jumamosi ijayo."

Nilikuwa bado namtafutia herufi zilizofanana na zile za zamani, ndipo mama akatoka chumbani, miwani tayari usoni. Tukampisha. Alikaa. Akatazama ile picha mpya ya milima kwenye kioo, akapeleka kipanya pale alipozoea kubonyeza. Hapakuwa na kitu. Akapeleka kulia. Akapeleka kushoto. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Alifunga jicho moja, kisha jingine. Mwishowe akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwalimu mtu ameiba wafalme wangu."

Mke wangu hakunigeukia mara moja. Nilimwona akiuma mdomo asicheke. "Mwalimu," alisema, "unasikia uliyoyafanya?"

Nilikuwa nimenakili kila kitu cha nyumba ile isipokuwa kile kilichotumiwa zaidi.

Nilijua michezo ya aina hiyo ipo mingi na ni ya bure, lakini ilihitaji kupakuliwa, na wakati huohuo nikagundua kwamba mfumo mpya haukuiona intaneti yetu ya nyumbani. Nilizima, nikawasha. Nilihangaika hadi jasho likanitoka, na mama alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kwenye benchi la kliniki. Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Mwisho nikaunganisha simu yangu na kompyuta kwa waya, intaneti ikapitia humo, na mchezo ukashuka.

Karata zikajipanga. Mama akainama.

"Mwambie mwalimu hawa si wale. Huyu hana ndevu."

"Mama, hao ni... yaani," nikamgeukia mke wangu, "mwambie mama ni wafalme walewale, wamebadilisha mavazi."

Akajaribu. Lakini mchezo huu ulifunua karata tatu kwa mpigo, na yeye alizoea moja moja. Akashindwa. Akaanza upya, akashindwa tena. Nilichukua kipanya kwa heshima, nikiwa nimesimama kando mbali iwezekanavyo, mkono umenyooka, nikitafuta mahali pa kubadilisha. Nilifungua hiki, nikafunga kile. Nikaingia kwenye rangi za meza. Nikaifanya meza kuwa ya zambarau.

"Si hapo!" mama akasema. "Wewe mwalimu, hapo juu, kulia, kwenye mistari mitatu. Bonyeza hapo!"

Nikabonyeza. Palikuwa penyewe.

Ilichukua muda kabla hatujatambua kilichotokea. Mke wangu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, mdomo wazi. Mama naye aliona alichokifanya. Alitazama kioo, akatazama ukuta, kisha akaamua kwamba maji yakishamwagika hakuna haja ya kuyaita.

"Sasa weka moja moja," aliniambia, "na hiyo zambarau uitoe, inaniumiza jicho."

Kuanzia siku hiyo alizungumza nami, lakini juu ya kompyuta tu. Mambo ya mboga yaliendelea kupitia kwa binti yake. Nilimwonyesha kwamba mfumo huu una vioo viwili kwa kimoja: unabonyeza vitufe fulani pamoja, na kazi uliyokuwa ukifanya inasogea pembeni, unabaki na meza nyingine safi. Akauelewa upesi mno. Upande mmoja akaweka maneno ya nyimbo za kwaya yake. Upande wa pili, wafalme.

Nilielewa sababu ya mpango huo siku wanawake wa kanisa la Kabati walipokuja kumwombea. Mama alikuwa katikati ya mchezo. Geti liligongwa, sauti ya mwenyekiti wao ikasikika uani, na kabla sijafika mlangoni vidole vya mama vilikuwa vimefanya kazi. Wageni walipoingia walimkuta akitazama wimbo wa kumsifu Bwana, herufi kubwa, beti zote nne.

"Oo, mama yetu!" mwenyekiti alisema. "Hata mgonjwa, bado uko kwenye nyimbo."

"Jicho linahitaji kazi," mama akajibu.

Waliimba, wakaomba, wakanywa chai. Mwenyekiti, mama mnene mwenye furaha, alitaka kuuona ubeti wa tatu vizuri, akaegemea meza. Kiganja chake kikatua juu ya vitufe. Sijui kiligusa vingapi, lakini wimbo uliteleza pembeni, na wafalme, malkia na jamaa zao wote wakajitokeza mbele ya kusanyiko.

Hakuna aliyeinua kikombe. Mke wangu alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na maandazi. Mama alikaa wima.

"Ni dawa," alisema. "Ya jicho."

Mwenyekiti alikisogelea kioo polepole, akakunja kipaji cha uso. Nilijiandaa kwa mahubiri.

"Lakini hiyo saba nyekundu," alisema, "mbona hujaiweka juu ya ile nane nyeusi?"

Mama akasogeza kiti kumpa nafasi. Wengine wakajifanya wanajadili ukame, huku kila mmoja akijongea karibu kidogo kidogo, na jioni hiyo jicho lilipimwa na watu wengi.

Harusi ilifanyika, na bibi harusi alikuwa mahali pake, ukurasa wa kwanza. Mke wangu alinuna kwa majuma kadhaa kwa sababu kila kitu kilikuwa kimehama mahali, kisha siku moja nikamsikia akimweleza mteja kwa majivuno kwamba kompyuta yetu haiogopi virusi. Sikutaka kumsahihisha.

Jicho lilipopona, mama alirudi Mbooni. Siku chache baadaye mtoto wake wa kiume alimtafutia kompyuta ndogo iliyochoka, na nikaitwa mimi, si binti yake, nikaitengeneze. Nilipanda kilima cha Mbooni kwa bodaboda, flashi mfukoni. Tulikaa barazani na ile mashine juu ya gunia la maharagwe, tukingoja imalize. Aliniuliza hao watu wanaotengeneza vitu hivi na kuvitoa bure ni wa kanisa gani. Nikamwambia sijui, labda wa makanisa yote, na wengine hawana kanisa.

Akatazama miti yake.

"Basi wakipita huku," alisema, "waambie kuna parachichi."