Mke Wangu Alimpakulia Mtafiti Firigisi Yangu

Naomba jina langu lifichwe, kwa kuwa nina umri wa miaka sabini na moja na ninaheshimiwa kanisani. Nilifanya kazi reli mpaka nikastaafu, na ninaishi Buruburu na mke wa ujana wangu. Haya ninayoyaandika sijamwambia hata mchungaji.

Mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu Rehema, alizaliwa mzima, kisha akawa anatapika kila aliponyonya, na macho yake yakageuka manjano. Hospitalini waligundua kwamba mwili wake hauwezi kuitumia sukari iliyo ndani ya maziwa, hata ya mama yake. Akaachishwa maziwa, akapona. Ndipo alipoletwa kwetu mtafiti wa magonjwa ya kurithi, mwanamume mpole, nadhifu, mwenye umri wa mwanangu.

Alikuja Jumapili kuuliza habari za ukoo. Aliuchora ukoo wetu karatasini: kila mwanamke alimchorea mviringo, kila mwanamume mraba. Mke wangu alimsogezea kiti, akazungumza, akacheka kicheko nilichodhani kilikwisha zamani. Akamsimulia kuhusu dada zake wawili waliokufa wachanga. Mimi mumewe sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Nikamwambia, "Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba Rehema. Huyu ameniuliza."

Kisha kuku akaletwa. Kwetu magharibi, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hata mtoto mdogo anajua. Mke wangu akaichukua kwa mkono wake, akamwekea mgeni. "Kula, Daktari. Umetusaidia." Naye akaila.

Rehema akaangua kicheko. "Baba, jameni! Umenuna kama mtu aliyenyang'anywa shamba!"

Sikucheka. Usiku ule sikula.

Sote tulikuwa tumeombwa damu. Mke wangu na Rehema walitoa, mimi nikaahirisha. Majibu yakaja: Rehema anabeba kasoro ile, mama yake hana. Mtafiti akaniambia kwa adabu, "Basi, Mzee, bila shaka imepitia kwako. Tukiipata kwako, tutawapima ndugu zako na watoto wao."

Nilisema sindano zinanisumbua. Nilidanganya. Rehema alipotungwa mimba, nilikuwa nimehamishiwa kituo cha Voi, na nilikuja nyumbani mara chache. Jirani yetu wa wakati huo alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mke wangu aliimba kwaya hiyohiyo. Sikuona lolote, wala sikuambiwa lolote. Nimewaza tu, miaka yote hii. Sasa damu yangu isipokuwa na kasoro ile, nitakuwa nimejibiwa.

Mdogo wangu anayeishi Kayole amenipigia simu. Mke wa mwanawe anakaribia kujifungua, na katika ukoo wetu mdogo hamtangulii mkubwa. "Kaka, vijana wanasema wewe kwanza," aliniambia. "Usipotoa, hapa hakuna atakayetoa. Usituzibie njia. Na mtoto naye hangojei."

Juzi nilimkuta mke wangu jikoni akichagua mchele. Hakuinua macho.

"Ni ile kwaya, sivyo?" aliniuliza.

Nikageuka nitoke.

"Nimelala nawe miaka yote hiyo, nawe umelala na kwaya." Akatupa kijiwe. "Nenda ukatoe damu, mtoto wa watu asije akauawa na titi la mama yake. Lakini siku utakapouliza majibu ili kunipima mimi, utafute wa kukupikia. Nitakuwa kwa Rehema, na sitarudi."

Nilitaka aseme "hapana, sikufanya." Hakusema. Je, hakusema kwa sababu ya hasira, au kwa sababu hana la kusema? Swali hilo linanila.

Rehema ni mwanangu. Nilimfundisha kusoma, nikamkabidhi kwa mumewe madhabahuni. Mjukuu wa mdogo wangu naye hana hatia yoyote. Nimeahidi kwenda Jumanne. Nimejiambia kwamba nitatoa damu nisiulize chochote. Lakini mdogo wangu asipoitwa kupimwa, nitakuwa nimekwisha kujua bila kuuliza, na mke wangu ataniona usoni.

Nyinyi mnaosoma, wake kwa waume, nipeni shauri kabla ya Jumanne: mtu mwenye wivu kama wangu atatoaje damu hiyo, kisha arudi nyumbani kwa mkewe?